Unaishi Nairobi leo, Kigali kesho? Global Entry itakuuliza miaka 5 ya maisha yako

Ndege kutoka Nairobi inatua New York. Abiria wamechoka, na foleni mbele ya maofisa wa uhamiaji ni ndefu. Kando yao, watu wachache wanasimama mbele ya mashine, inawapiga picha ya uso, kisha wanaenda kuchukua mizigo. Hao ni wenye Global Entry, mpango wa serikali ya Marekani kwa wasafiri waliokwisha kuchunguzwa na kuaminiwa.

Wakongomani wengi waliopokelewa Marekani kama wakimbizi leo wana green card au uraia. Kati yao wapo vijana wanaofanya kazi kwa kompyuta: kutafsiri, kutengeneza programu, kuuza bidhaa kwa intaneti. Kazi hiyo haiwafungi mahali. Miezi mitatu Nairobi, miwili Kigali, siku chache kwa ndugu Kampala. Mpango huo unawavutia, lakini fomu yake inamfaa zaidi mtu mwenye nyumba moja na bosi mmoja.

Nani anaruhusiwa?

Raia wa Marekani, wenye green card, na raia wa inchi kadhaa kama Uingereza, Ujerumani, Uhindi na Falme za Kiarabu. DRC haimo. Mwenye pasipoti ya Congo anaweza kuomba kama ana green card. Malipo ni dola 120, na hayarudishwi hata ukikataliwa. Ukikubaliwa, uanachama unadumu miaka 5.

Pale wengi wanapokwama

Fomu inajazwa kwa intaneti. Inataka adrese zote na kazi zote za miaka 5, bila mwezi kukosekana, pamoja na inchi ulizotembelea. Mtu aliyehama mara kumi anashawishika kufupisha: anaandika adrese ya kaka yake Texas, kana kwamba hakutoka. Hapo ndipo hatari ilipo. Ofisa anaona tarehe za kuingia na kutoka, na habari ya uongo au isiyo kamili inatosha kukataliwa.

Kabla ya kulipa, afadhali kukaa na pasipoti na barua pepe za zamani, kisha kupanga miezi yote kwenye karatasi. Anayejitegemea aandike kwamba anajitegemea, na atunze kontra na karatasi za kodi. Miezi bila kazi iandikwe hivyo. Kukosa kazi si kosa.

Uchunguzi wa kwanza ukipita, kunabaki mahojiano. Anayesafiri sana hahitaji kungojea nafasi kwenye ofisi: anaweza kuyafanya akitua kwenye viwanja kadhaa vya Marekani, kikiwemo JFK cha New York. Aje na pasipoti, green card kama anayo, na hati ya makao, kama leseni ya udereva au fakture ya umeme.

Green card haisahauliki

Kwa mwenye green card, orodha ya safari inaonyesha pia muda aliokaa nje. Kupita miezi 6 mfululizo kunaweza kuharibu hesabu ya kuomba uraia. Kufikisha mwaka mmoja bila kibali cha kurudi, kinachoombwa kabla ya kuondoka, kunaweza kuhatarisha haki yenyewe ya kuishi Marekani. Global Entry haiponyi tatizo hilo.

Mzigo wa mama

Hata aliyekubaliwa anaweza kupoteza uanachama kwa sababu ya sanduku. Nyama iliyokaushwa, mbegu, majani ya sombe: chakula chote lazima kitajwe kwa ofisa, hata kile mama alichofunga kwa upendo. Vilevile pesa zinazozidi dola 10,000.

Aliyekataliwa anaandikiwa sababu na anaweza kuomba dosye iangaliwe tena. Lakini kueleza mwezi uliosahauliwa ni rahisi kuliko kueleza adrese ya uongo.