Sonona na Raha Ndogo za Kila Siku

Mgonjwa wa sonona akiulizwa kwa nini haonekani barazani, au kwa nini ameiacha bustani aliyoipenda, hujibu kuwa hana hamu. Huo si uvivu wala kiburi. Kupotea kwa hamu na furaha ni mojawapo ya dalili kuu za ugonjwa huo.

Katika miaka ya 1970, mwanasaikolojia Peter Lewinsohn wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, alieleza jinsi hali hiyo inavyojizidisha. Mtu ajitengaye hukosa mambo ya kumfurahisha. Akiyakosa huzuni huongezeka, naye huzidi kujitenga.

Tiba iliyojengwa juu ya maelezo hayo haingoji hamu irudi. Mgonjwa hupanga tendo dogo kwa saa maalumu, kama vile kumwagilia mche mmoja au kunywa chai na jirani, kisha huandika alivyojisikia. Tendo hutangulia, hamu hufuata polepole. Uchunguzi wa watu wazima 440 nchini Uingereza, uliotangazwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa tiba hii, ikitolewa na wahudumu wasio mabingwa, haikuwa duni kuliko tiba ya kurekebisha fikra itolewayo na wataalamu.

Chai haichukui nafasi ya daktari, hasa kwa mtu anayewaza kujiua. Lakini ndugu aliyezoea kusema “jikaze” anaweza kunyamaza, akaketi na mgonjwa, akammiminia kikombe. Huenda leo asionje utamu wake. Kesho amiminiwe tena.