OK Jazz ya flashi, OK Jazz ya diski: ipi inatoa sauti ya kweli?

Mu Ruashi nyimbo za zamani hazijalala. Ku matanga, ku ndoa, ku nganda saa ya jioni, bado wanapiga Franco na OK Jazz, Kabasele na African Jazz, pamoja na gitaa ya Mwenda Jean Bosco. Kilichobadilika ni kifaa. Zamani ilikuwa diski na kasete. Leo ni flashi, telefone na bafle ya Bluetooth yenye taa. Wimbo mmoja unaweza kuwa mu nyumba moja kwa sura ine: diski ya 45 ya babu, kasete ya baba, CD iliyotoka Ulaya, na faili ya MP3 iliyojazwa ku flashi sokoni.

Ukizisikiliza zote, hazifanani. Moja ni nyepesi, ingine nzito, ingine inaenda mbio. Na mu familia nyingi swali linafuata: kwa kuwa nyimbo ziko ku flashi, hizi diski za vumbi tuzitupe? Jibu fupi ni hapana, si mbele ya kuzilinganisha. Toleo jipya linaweza kupita la zamani kwa uzuri. Lakini linaweza pia kuwa limepoteza kitu ambacho diski ya babu bado inakichunga.

Jazz ya kwetu

Mu Congo, neno "jazz" ku jina la orkestra halimaanishi lazima muziki wa Louis Armstrong. Lilimaanisha kundi la kisasa, lenye gitaa na saksofoni. African Jazz ya Joseph Kabasele ilianza mwaka 1953, OK Jazz mwaka 1956, zote mbili kule Léopoldville, Kinshasa ya leo. Nyimbo za kwanza za OK Jazz zilitoka ku nyumba ya diski iliyoitwa Loningisa, ku diski za mizunguko 78 kwa dakika. Upande mmoja ulibeba karibu dakika tatu tu, na diski yenyewe ikianguka chini inavunjika kama sahani.

Huku Katanga tulikuwa na gitaa yetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa anazunguka inchi nyingi za Afrika na mashine za kurekodi, alimurekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo. Mwenda, muzaliwa wa Bunkeya, alipiga "Masanga", wimbo ambao wapiga gitaa wa Afrika ya Mashariki na Kusini wanaujifunza mpaka leo. Diski ilitoka kwa alama ya Gallotone.

Nyimbo hizi zote zimetolewa upya mara nyingi. Kampuni ya Sonodisc ya Paris iliuza OK Jazz na African Jazz ku diski kubwa, kisha ku CD. Crammed Discs ya Bruxelles ilitoa "Roots of OK Jazz" mwaka 1993. Sterns ya London ilitoa "Francophonic", kazi za Franco, mwaka 2008 na 2009. SWP ya Uholanzi ilitoa mufululizo wa CD za Hugh Tracey, na moja ni ya gitaa za kusini mwa Congo na Zambia za miaka ya 1950. Nyuma yao, mafaili bila hesabu yanazunguka ku intaneti bila jina la aliyeyatengeneza.

Yote inategemea ilikonakiliwa

Mbele ya kuuliza bei ao mwaka wa toleo, uliza: walikopia ku nini? Kama mutengenezaji alipata bande ya studio, yuko karibu na siku ile ya kurekodi. Kama bande ilipotea, anatafuta diski yenye kuwa mu hali nzuri na kuicheza. Kama hana hata hiyo, anakopia CD ya mwingine. Ni kama fotokopi ya fotokopi: kila mara herufi zinafifia kidogo.

Kwa diski za 78, hata sindano inaleta tofauti. Mufereji wa diski hiyo ni mupana karibu mara tatu kuliko wa diski ya 33. Ukiweka sindano ndogo ya diski ya 33, inashuka mpaka chini ya mufereji, pale uchafu unalala, na unasikia michakacho mingi kuliko muziki. Tena, kampuni za zamani hazikukata bezi na sauti za juu kwa kipimo kimoja. Kipimo cha wote kilikubaliwa kuanzia mwaka 1954. Asiyejua hayo anakopia diski ya 1952 kwa kipimo cha leo, na gitaa inatoka nyembamba kama waya.

Jambo lingine: wimbo wa 1952 ulirekodiwa kwa mono, sauti moja. Mu miaka ya 1960 na 1970 kampuni fulani za dunia ziligeuza mono kuwa stereo ya uongo, bezi upande huu, sauti za juu upande ule. Ukisikia gitaa moja imekatwa vipande viwili mu chumba, toleo lile limechezewa.

Mwendo: kosa linaloharibu masomo

Kosa linaloumiza zaidi ni la mwendo, kwa sababu halisikiki kama kosa. Diski ao bande ikizunguka mbio kwa asilimia 6, wimbo unapanda karibu nusu ya toni, ni kusema nafasi moja ku shingo ya gitaa. Sauti ya mwimbaji inakuwa ya kijana zaidi, wimbo unachangamka, na musikilizaji anasema "hii ndiyo nzuri". Lakini si vile Mwenda alivyopiga. Kijana wa Ruashi anayejifunza "Masanga" ku faili hiyo anatiya gitaa yake vibaya, anakimbiza vidole, kisha anafundisha wadogo wake vilevile.

Saa inaweza kusaidia. Wimbo wa dakika 3 kamili, ukiwa mbio kwa asilimia 6, unamalizika kwa dakika 2 na sekunde 50. Kwa hiyo linganisha urefu wa matoleo mawili, kuanzia noti ya kwanza mpaka ya mwisho, bila kuhesabu ukimya. Kama yanapishana sekunde kumi, na moja liko juu kidogo kwa sauti, basi moja kati yao linadanganya, pengine yote mawili. Usiamue kwa gitaa yako tu, maana wapiga gitaa wa zamani hawakutiya nyuzi zao kila siku kwa kipimo cha leo.

Chunga pia kwamba unalinganisha rekodi moja. Mwenda alirekodi albamu ingine Cape Town mwaka 1988, miaka 36 kisha ile ya Jadotville. Hilo si toleo jipya, ni kazi ya muzee mwenye vidole vingine na studio ingine.

Na kosa linaweza kuwa nyumbani kwako. Mashine nyingi za zamani za kucheza diski zina mota inayofuata mwendo wa umeme wenyewe. SNEL inaleta herzi 50. Umeme ukikatika, grupu ndogo inawashwa, na ikichoka inashuka mpaka herzi 47: diski inapungua asilimia 6, Franco anaimba kama mutu mwenye usingizi. Vidoti vya pembeni mwa sahani, vinavyoangaziwa na taa ndogo ya mashine, havitakuonyesha kitu, kwa sababu taa nayo inakula umeme uleule. Njia ya kweli ni hii: bandika kipande cha karatasi ku sahani, kamata saa ya telefone, hesabu. Diski ya 45 inazunguka mara 45 kwa dakika moja. Diski ya 33 inazunguka mara 100 kwa dakika tatu. Ku kasete, ukanda wa mpira uliolegea ao pili zilizoisha zinafanya kosa lilelile.

Usafi unaoua

Ku kava ya CD nyingi wameandika "remasterisé". Neno hilo linasema tu kwamba mutu alishika sauti upya. Halisemi kama alishika vizuri.

Kuna kazi mbili za kuangalia. Ya kwanza ni kutoa mivumo na michakacho. Ikifanywa kwa kiasi, ni baraka. Ikizidi, mashine inashindwa kutenga muvumo wa diski na sauti laini za gitaa: ukucha unaogusa uzi, pumzi ya mwimbaji, noti inayokufa polepole. Yote yanafutwa pamoja, na wimbo unabaki kama unasikilizwa chini ya blanketi. Muvumo kidogo si ugonjwa. Mara nyingi ni alama kwamba hakuna aliyekata nyama pamoja na mafuta.

Ya pili ni kupandisha nguvu ya sauti. Tangu miaka ya 1990 kampuni nyingi zinabana muziki ili kila kitu kitoke kwa nguvu moja. Mu sebene ya zamani gitaa ilianza chini, ikapanda, ikashuka ili wachezaji wapumue. Ku toleo lililobanwa, kila kitu kiko juu kuanzia mwanzo. Mwanzoni inafurahisha. Kisha nusu saa masikio yanachoka, na hujui kwa nini.

Na MP3? Faili ya kilobiti 128 kwa sekunde inabeba karibu sehemu moja ya 11 ya habari zilizo ku CD. Programu inatupa kile inachofikiri sikio halitasikia, lakini marakasi na nyuzi za juu zinatoka kama maji yanayochemka. Kuibadilisha iwe ya 320 hakurudishi kitu: ni kuhamisha maji ya glasi ndogo mu ndoo kubwa. Na aliyerekodi wimbo kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp amepoteza zaidi. Ni heri kutuma faili yenyewe kama dokima.

Bafle pia inadanganya

Kabla ya kuhukumu diski, angalia vyombo vya nyumba. Kama una ampli na bafle mbili, weka wimbo wa mono, ukae katikati. Sauti inapaswa kutoka mbele yako, kama mwimbaji amesimama kati ya bafle mbili. Kama inatawanyika na bezi imekimbia, kuna waya ambazo zimegeuzwa: nyekundu imeingia ku nyeusi upande mmoja. Geuza waya za bafle moja tu, usikilize tena. Kazi ya dakika mbili, bila franka hata moja, inaweza kurudisha bezi uliyofikiri toleo limeipoteza.

Bafle iliyosukumwa mu kona ya ukuta inaongeza bezi ambayo haiko ku diski. Kitufe cha kupandisha bezi kinafanya hivyo pia: ku nganda kinafaa, lakini siku ya kulinganisha kizimwe. Bafle moja ya Bluetooth inatosha kusikia mwendo na usafi uliozidi. Haitoshi kuhukumu stereo.

Mutihani wa nyumbani

Chagua wimbo mmoja unaoujua sana na matoleo mawili yake. Sawazisha nguvu ya sauti, maana sikio linapenda kinacholia kwa nguvu hata kama ni kibaya. Mutu mmoja abadilishe matoleo bila kusema ni lipi. Wengine wawili ao watatu wasikilize na kuandika. Sikiliza dakika moja tu, vitu vitatu: ukucha ku uzi wa gitaa, mwisho wa noti kabla ya ukimya, na sauti ya mwimbaji kama ni ya mutu mwenye kifua ao ya mutu ku simu. Badilisha mara tano. Kama hamukubaliani hata kidogo, tofauti ni ndogo, na hakuna haja ya kutumia feza.

Ukipata kwamba diski ya babu imeshinda, hata mara moja, umepata sababu ya kuichunga. Isimamishe kama kitabu ku etajere, isilalishwe moja juu ya ingine, mbali na dirisha la jua. Pangusa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, ukifuata muzunguko. Usicheze na sindano iliyochoka, kwa sababu inalima mufereji na haurudi.

Na soma karatasi ya katikati. Ku flashi wimbo mara nyingi unaitwa "Track 07". Ku diski kuna jina la mutungaji, la orkestra, namba ya diski na alama ya nyumba iliyoitoa. Piga picha ya karatasi hiyo, uiweke pamoja na faili. Siku mutengenezaji wa toleo jipya atakapotafuta kopi safi kwa sababu bande ilipotea, diski ya Ruashi inaweza kuwa ile anayoitafuta, na jina la aliyepiga gitaa litakuwa bado linasomeka.