Rangi Zilizopotea Katika Kuta za Mji wa Kale

Ukipita Ndia Kuu, Mji wa Kale, Mombasa, tazama mahali ambapo lipu imebanduka. Jiwe lililo ndani lina vitundu vingi, na hapa na pale utaona gamba la kombe au la konokono wa baharini limekwama humo. Viumbe hao waliishi hapa zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo sasa. Sehemu kubwa ya kisiwa imekaa juu ya mabaki yao. Hata Wareno, walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, walichonga handaki katika jabali hilo hilo la matumbawe.

Lakini mbona wote ni weupe? Aliyewahi kupanda mashua yenye sakafu ya kioo anajua kuwa matumbawe hai yana rangi za kila namna, na kauri za baharini zina madoa ya kupendeza. Rangi hizo zilikwenda wapi?

Jibu ni kwamba rangi ya mnyama ni kemikali, na kila kemikali ina umri wake. Rangi ya matumbawe haimo katika jiwe, bali katika nyama laini inayolifunika na katika mimea midogo mno inayoishi ndani ya nyama hiyo. Mwaka 1998 maji ya mwambao wa Kenya yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi yaliitapika mimea hiyo yakapauka, na sehemu kubwa ikafa. Kwa matumbawe, basi, rangi huondoka hata kabla safari ya kuwa kisukuku haijaanza.

Gamba la konokono ni jambo lingine, kwa kuwa rangi yake imefungiwa ndani ya chokaa yenyewe. Humo hukaa muda mrefu, mpaka maji ya mvua yapenye. Maji hayo yana asidi kidogo. Huyeyusha chokaa ya asili polepole na kuiunda upya kwa fuwele za aina nyingine, na katika mageuzi hayo rangi huoza au huchukuliwa na maji. Msomaji asidanganywe na wekundu au ukahawia anaouona katika mawe mengi ya namna hii. Mara nyingi hiyo ni kutu ya chuma kutoka udongoni, wala si rangi ya mnyama.

Iko rangi moja sugu. Akina mama wanaoosha ngisi wanaijua, kwani mfuko wake wa wino ukipasuka, kanga imeharibika. Weusi huo ni melanini, jamii ile ile ya kemikali inayotia weusi ngozi na nywele zetu. Mwaka 2012 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa wino wa jamaa wa ngisi waliofukuliwa Uingereza, wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 160, wakakuta melanini bado imo. Elizabeth Philpot, mwanamke aliyekusanya visukuku huko Lyme Regis, hakuhitaji maabara. Mwaka 1833 alichanganya wino wa namna hiyo na maji, akauchorea picha ya mnyama wa kale katika barua.

Hata hivyo, sugu si kusema haibadiliki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ukiongozwa na Caitlin Colleary, melanini ya wanyama wa leo ilitiwa katika joto kali na shinikizo kubwa, kuiga maisha ya chini ya ardhi. Ilitoka imebadilika, ikawa inafanana na ile ya visukuku. Watafiti wengine wameonyesha kwamba salfa iliyomo katika matope pia hujiunga nayo.

Hapo ndipo penye ubishi juu ya zile picha za dainosaria katika vitabu vya watoto. Wachoraji huongozwa na vichembe vidogo vilivyobeba melanini: virefu ni dalili ya weusi, vya mviringo ni dalili ya ukahawia mwekundu. Majaribio ya mwaka 2013 yalionyesha kuwa joto na shinikizo huvifanya vinywee. Asiyelizingatia hilo atakosea rangi. Tena, wekundu au umanjano unaotokana na chakula, kama ule wa flamingo wa Ziwa Nakuru, huharibika upesi, kwa hiyo picha nyingi huenda zina giza kuliko mnyama mwenyewe.

Tukirudi kwenye magamba, kuna habari ya kufurahisha. Mwaka 2015 Jonathan Hendricks alitangaza kazi yake juu ya konokono wa baharini wenye umbo la koni, waliofukuliwa Jamhuri ya Dominika, wa miaka milioni 4.8 hadi 6.6. Kwa macho walikuwa weupe. Akawaroweka katika dawa ya kufulia nguo nyeupe, mfano wa Jik, kisha akawamulika kwa miale kama ile ya taa za kukagulia noti bandia. Madoa na mistari yakajitokeza. Cha ajabu, sehemu zilizong'aa ndizo zilizokuwa na rangi nzito mnyama alipokuwa hai. Kwa njia hiyo alitambua aina 28, na 13 kati yake hazikuwa zimewahi kupewa jina.