Uchovu Usioondolewa na Usingizi

Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekuwa hodari wa hesabu aanza kusahau hatua aliyoiandika punde tu. Asubuhi vidole vyake ni vikavu, kalamu haishikiki. Ifikapo saa sita amelaza kichwa juu ya dawati. Mwalimu humwita mvivu. Wazazi hudhani ana malaria, lakini vijidudu havionekani katika damu. Miongoni mwa sababu zinazoweza kuleta hali hiyo imo moja isiyokumbukwa shuleni, nayo ni ugonjwa wa lupasi.

Kwa kawaida kinga ya mwili hutengeneza protini ziitwazo antibodi, ambazo hunasa vijidudu vya maradhi ili viangamizwe. Katika lupasi askari hao huishambulia nyumba waliyowekwa kuilinda: ngozi, viungo, figo, damu, hata ubongo. Ugonjwa huu hauambukizi. Huwapata zaidi wanawake, na kwa wagonjwa wapatao 15 hadi 20 katika kila 100 huanza kabla ya utu uzima.

Uchovu wake si ule wa mtu aliyetoka kulima. Seli za kinga zinapopigana hutoa kemikali ziitwazo saitokini, nazo huupelekea ubongo habari za vita kwa njia ya damu na neva. Ubongo huuamuru mwili ulale, usile na ujitenge. Mwaka 1988 Benjamin Hart, mtaalamu wa tiba ya wanyama wa Marekani, alieleza kwamba tabia hiyo ni mbinu ya mnyama mgonjwa ya kuhifadhi nguvu. Mfugaji yeyote amekwisha kumwona mbuzi wa namna hiyo. Lakini mbuzi hupona baada ya siku chache, ilhali katika lupasi amri hiyo yaweza kudumu miezi mingi.

Kuhusu kusahau, watafiti wa New York walionyesha mwaka 2001 kwamba baadhi ya antibodi za lupasi hunasa pia vipokezi vya seli za ubongo vinavyohusika na kujifunza. Katika majaribio yaliyofuata, antibodi hizo hazikuwadhuru panya mpaka kizuizi kilichopo baina ya damu na ubongo kilipofunguliwa; ndipo seli zikafa, na kumbukumbu ikapungua. Upungufu wa damu, usingizi mbaya na huzuni huweza kuongeza ukungu huo.

Dawa zipo. Hidroksiklorokwini ni ndugu wa klorokwini iliyotibu malaria zamani. Prednisoloni nayo hutuliza kinga, ila haifai kuachwa ghafla, kwa kuwa tezi zilizo juu ya figo huwa zimezoea kukaa bila kazi. Jua kali huweza kuuamsha ugonjwa. Kwa hiyo gwaride la mchana na kazi ya shamba si adhabu ndogo kwa mtoto huyu. Apewe kivuli, muda zaidi katika mtihani, na nafasi ya kupumzika kabla hajachoka kabisa. Upele mwekundu ukitanda mashavuni na juu ya pua, au miguu ikivimba, apelekwe hospitali akapimwe damu na mkojo mapema, maana figo huharibika bila maumivu yoyote.