Mashine Inaposimuliwa Hadithi: Imeelewa au Imebahatisha?

Katika zama hizi ambapo baadhi ya wanetu huipa mashine maswali yao ya ufahamu na kunakili majibu, yatupasa sisi wazazi tujue mashine zilifunzwaje kusoma. Ndani ya habari hiyo mna funzo la malezi.

Mwaka 2015 watafiti wa kampuni ya Facebook, wakiongozwa na Jason Weston, walitoa mazoezi 20 yaliyopewa jina la bAbI. Kila zoezi lilikuwa na maswali 1,000 ya kufundishia, na mengine 1,000 yaliyotengwa kwa ajili ya mtihani. Hadithi zenyewe zilikuwa nyepesi mno: watu wanahama chumba hiki kwenda kile, wanaokota vitu na kuviacha. Tutoe mfano wa namna hiyo: Mariamu alichukua mpira. Juma aliingia jikoni. Mariamu alikwenda bustanini. Mpira uko wapi? Mtoto mdogo atajibu bila kusita kuwa uko bustanini.

Mashine iliyojaribiwa ni ile iitwayo mtandao wa neva wa kujirudia. Husoma neno moja baada ya jingine. Kila neno hugeuzwa kuwa namba, kisha huchanganywa na kumbukumbu ya maneno yaliyotangulia, na kumbukumbu hiyo mpya ndiyo hupokea neno linalofuata. Hadithi ikiisha na swali likisomwa, mashine huteua neno la kujibu. Mwanzoni hubahatisha tu. Jibu lake hulinganishwa na lililo sahihi, kosa hupimwa, na namba zake za ndani hurekebishwa kidogo. Kazi hiyo hurudiwa maelfu ya mara.

Tabu yake ni usahaulifu: ya mwanzo hufifia kadiri mapya yanavyoingia. Ili kutibu kasoro hiyo, Sepp Hochreiter na Jürgen Schmidhuber walikuwa wamekwisha kubuni, mwaka 1997, mtandao wenye kumbukumbu ndefu zaidi, ujulikanao kwa herufi LSTM. Hata huo ulipofanya mtihani wa bAbI, ulipata asilimia 50 pale jibu lilipokuwa katika sentensi moja, na asilimia 20 pale lilipohitaji kuunganisha sentensi mbili. Kwa kuwa mahali pa kutaja palikuwa sita tu, mwenye kubahatisha angepata kama asilimia 17. Mashine ya aina nyingine, iliyohifadhi kila sentensi peke yake na kuonyeshwa wakati wa mafunzo ni sentensi zipi zinazobeba jibu, ilipata asilimia 100 katika mazoezi hayo mawili.

Lakini alama za juu nazo zaweza kudanganya. Mwaka 2017, Robin Jia na Percy Liang wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu 16 zilizokuwa zikisifiwa kwa kujibu maswali ya ufahamu. Waliongeza sentensi moja tu ya kupotosha, isiyobadili jibu sahihi wala kumtatiza binadamu. Wastani wa alama ukaanguka kutoka 75 hadi 36. Kumbe nyingi zilikuwa zikifuata maneno yanayofanana na ya swali, si maana yake.

Mashine za leo zimepiga hatua kubwa, na nyingi zina muundo mwingine kabisa. Hata hivyo kanuni ya watafiti wale ingali hai: jibu sahihi peke yake si ushahidi wa kuelewa. Nasi tuitumie nyumbani. Mtoto akijibu vyema, tumwulize amejuaje, naye atuonyeshe sentensi iliyompa jibu. Tubadili jambo moja katika hadithi, Mariamu auache mpira ukumbini kabla ya kwenda bustanini, kisha tuulize upya. Tumpe swali ambalo jibu lake limegawanyika sehemu mbili.

Tena tukumbuke kilichoinoa mashine: kujibu, kukosea na kusahihishwa, mara baada ya mara. Mtoto anayeiachia mashine swali lake huiachia pia zoezi hilo. Huenda akapata alama ya vema katika daftari, ilhali akili yake haikushughulishwa. Siku ya mtihani atakaa na karatasi peke yake, na hapo ndipo itakapobainika nani alisoma.