Nakala ya mjusi wa Tendaguru ni mali ya nani?

Kila habari ya mjusi wa Tendaguru, dinosaria ambaye mifupa yake iko Berlin, inapoibuka bungeni, mjadala hurudi palepale: mifupa irudi au isirudi? Swali hilo ni halali, na sina nia ya kulizima. Lakini tunapobishana juu ya mifupa, kuna kitu kingine ambacho hakihitaji meli wala ndege, kinachohama kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa dakika chache: nakala ya kidijitali ya mfupa, ya ukuta, ya nguzo ya msikiti. Sheria inayotawala nakala hiyo siyo inayotawala kitu chenyewe. Pwani ya Lindi imo katikati ya jambo hili kwa pande mbili: Tendaguru, ambako kitu kilishaondoka, na Kilwa, ambako kitu bado kipo.

Tuanze na Tendaguru, kilima kilicho mwendo wa siku kadhaa kwa miguu kutoka mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alitoa taarifa ya mifupa mikubwa iliyojitokeza juu ya ardhi huko. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeiacha sehemu hiyo na njaa. Kati ya 1909 na 1913 Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck, waliongoza uchimbaji kwa niaba ya makumbusho ya Berlin. Kazi yenyewe ilifanywa na mamia ya wenyeji, wakiwemo Wamwera, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejua kuukwangua mfupa kutoka kwenye udongo bila kuuvunja. Mizigo ilibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa. Mwaka 1937 mjusi mkubwa kuliko wote alisimamishwa Berlin, na leo anafikia urefu wa mita 13 na ushei kwenda juu.

Msingi wa kisheria wa haya yote ulikuwa amri ya 1895 ya mfalme wa Ujerumani, iliyofanya ardhi iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe kuwa ya Dola. Waliokuwa wakiishi humo hawakuulizwa. Naitaja amri hiyo kwa sababu kanuni hiyohiyo, ya kwamba kisichokuwa na hati ni cha anayefika wa kwanza na karatasi, ndiyo ninayoiona ikijirudia katika zama za skana.

Sheria inayogusa nakala za skana ni ya hakimiliki, nayo hulinda kazi iliyobuniwa na mtu: maandishi, picha, muziki, programu. Mfupa wa mnyama aliyekufa miaka milioni 150 iliyopita haukubuniwa na mtu, kwa hiyo hauna hakimiliki. Kuugundua pia hakumpi mtu hakimiliki. Boheti hakuwa nayo, wala Janensch. Lakini anayeupiga picha mfupa huo anaweza kupata haki juu ya picha. Hapa sheria za nchi zinatofautiana, na miaka ya karibuni zimebadilika sana.

Mwezi Desemba 2018 mahakama kuu ya shirikisho ya Ujerumani iliamua, katika kesi ya makumbusho ya mji wa Mannheim, kwamba picha ya kawaida ya mchoro wa zamani inalindwa hata kama mchoro wenyewe umekwisha kuwa huru kwa wote. Miezi michache baadaye Umoja wa Ulaya ukaja na agizo la 2019 kuhusu hakimiliki katika soko la kidijitali. Ibara yake ya 14 inasema kazi ya sanaa ya kuonekana ikishakuwa huru, nakala yake iwe huru pia, isipokuwa nakala hiyo iwe na ubunifu wake yenyewe. Ujerumani iliingiza kanuni hiyo katika sheria yake Juni 2021. Uingereza, ambako shehena nyingine ya mifupa ya Tendaguru ilipelekwa baada ya uchimbaji wa 1924 hadi 1931, ilifika karibu na hapo kwa njia yake: Novemba 2023 Mahakama ya Rufani, katika kesi ambayo haikuhusu makumbusho hata kidogo, ilikazia kwamba bila ubunifu wa mtu mwenyewe hakuna hakimiliki.

Msomaji atasema basi, jambo limekwisha. Halijaisha. Ibara ya 14 inazungumzia kazi za sanaa. Mjusi si kazi ya sanaa. Kwa usomaji wangu, mchoro wa karne ya 17 sasa una nafuu ambayo paja la mjusi wa Lindi halina: picha ya kawaida ya mfupa iliyopigwa Ujerumani bado inaweza kulindwa kwa miaka 50, kwa sababu sheria ya nchi hiyo hulinda hata picha isiyo na ubunifu. Kuhusu skana za pande tatu, wanasheria wa huko wenyewe hawajakubaliana kama zihesabiwe kuwa picha. Ni kweli kwamba makumbusho mengi, Berlin yakiwemo, siku hizi hutoa picha za vielelezo kwa leseni huria. Lakini leseni ni hiari ya mwenye nyumba, na hiari hubadilika uongozi unapobadilika.

Tazama yaliyowapata Wamisri. Sanamu ya kichwa cha Malkia Nefertiti ilichimbuliwa mwaka 1912, uchimbaji wa Tendaguru ukiwa bado haujafungwa, nayo iko Berlin vilevile. Makumbusho yanayoitunza yaliifanyia skana ya kiwango cha juu kisha yakaifungia faili. Msanii wa Kimarekani, Cosmo Wenman, aliiomba kwa kutumia sheria ya uhuru wa habari, akasumbuana nao kwa miaka mitatu, na mwaka 2019 akapata faili hiyo na kuiweka wazi. Alipoifungua alikuta chini ya kitako cha sanamu pameongezwa maandishi ya leseni, yakikataza matumizi ya biashara. Kitu cha miaka zaidi ya 3,000 kilikuwa kimepigwa mhuri wa masharti ya karne hii.

Wapo wanaoshauri kwamba Tanzania itunge sheria kali, ili atakayetumia sura ya mjusi au magofu kibiashara, popote alipo, alipe. Italia imejaribu. Kwa sheria yake ya urithi wa utamaduni ya 2004, mahakama ya Venice iliiamuru mwaka 2022 kampuni ya Ravensburger iache kuuza fumbo la vipande lenye mchoro maarufu wa Leonardo da Vinci. Kampuni ilikwenda mahakama ya Stuttgart, na Machi 2024 ikaambiwa kwamba sheria ya Italia haivuki mpaka wa Italia. Ikiwa Italia, mwanachama wa Umoja wa Ulaya, imegonga ukuta huo mbele ya mwanachama mwenzake, sisi tusijidanganye.

Nguvu tuliyo nayo iko kwingine, na hapa ndipo Kilwa inapoingia. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliorodheshwa na UNESCO mwaka 1981, na kati ya 2004 na 2014 yalikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town wameyapima kwa leza. Mwaka 2020 Kilwa Kisiwani iliingizwa katika mradi wa Google na shirika la Marekani la CyArk kuhusu urithi unaotishiwa na mabadiliko ya tabianchi. Kazi hizo ni njema. Bahari inakula kingo za kisiwa, na ukuta ukianguka leo vipimo vyake vitatusaidia kesho.

Lakini angalia kinachotokea pale chini. Mtaalamu anasimamisha mashine kwenye miguu mitatu mbele ya nguzo za Msikiti Mkuu. Mashine inazunguka, inatupa mwale, inapokea mwale, na kila mwale unaporudi inaandika nukta moja: umbali, pembe, rangi. Baada ya dakika chache kuna mamilioni ya nukta, kila ufa wa chokaa na kila jiwe la matumbawe likiwa na mahali pake. Jioni kadi ya kumbukumbu inatolewa na kutiwa mfukoni. Nani mwenye kadi hiyo? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iliandikwa kwa ajili ya majembe na masanduku. Haina neno juu ya nukta. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 humtazama aliyetengeneza kazi, na huyo ndiye mwenye mashine. Kama kibali hakikusema lolote, kadi imeondoka na mwenyewe.

Ndiyo maana nasema pigano la kweli liko katika kibali. Hakuna anayefikisha skana Songo Mnara bila ruhusa ya mamlaka za mambo ya kale na ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, na mtafiti wa kigeni hupitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kabla ya yote. Huo ndio wakati ambapo mwenye mashine anahitaji saini yetu, na haurudi tena. Kibali kiseme wazi: nakala kamili ya data ghafi ibaki nchini, katika faili zinazofunguka bila programu ya kununua, Watanzania, kuanzia mwalimu wa Kilwa Masoko hadi mtengeneza filamu wa Dar es Salaam, waitumie bila malipo, matumizi ya biashara ya nje yalipiwe, majina ya wenyeji walioonyesha njia na kusafisha vichaka yaandikwe kwenye maelezo ya data. Masharti hayo yakiwa mkataba, tofauti na sheria ya Italia, yatamfuata aliyeyasaini hadi nchini kwake.

Kwa Tendaguru tumechelewa kwa kibali, ila hatujachelewa kwa mazungumzo. Dunia tayari imekubali mfano ulio karibu: nchi zilizo katika mkataba wa bayoanuwai ziliamua kwamba wanaofaidika na taarifa za kidijitali za vinasaba wachangie, na Mfuko wa Cali ukazinduliwa Februari 2025. Mifupa ya Tendaguru haimo, maana haina vinasaba vya kusomwa. Hata hivyo hoja imekwisha kukubalika kwamba nakala ya kidijitali ina deni kwa mahali ilikotoka. Wizara husika ikiomba skana zote za mifupa ya Tendaguru, pamoja na shajara na orodha za uchimbaji, itakuwa inaomba kitu kisichowapunguzia Berlin chochote.

Na kuna jambo ambalo halihitaji kuomba. Tanzania hulinda maandishi kwa miaka 50 baada ya mwandishi kufa, Ujerumani 70. Janensch alifariki 1969, hivyo makala zake ziko huru kwetu tangu Januari 2020, wakati Berlin watasubiri hadi 2040. Hennig, aliyeandika kitabu kizima juu ya maisha ya kambini Tendaguru na kukichapisha 1912, alifariki 1977. Kuanzia tarehe 1 Januari 2028 mchapishaji yeyote wa Lindi ataweza kukitafsiri kwa Kiswahili na kukiuza hapa nchini bila kumwandikia mtu barua. Kazi ya kutafsiri inaweza kuanza sasa.