Bia ya Mwanza: Glasi ya nyumbani yafichua kosa la dukani

JIONI, biashara inapopoa katika soko la Mwaloni, Kirumba, baadhi ya wachuuzi wa dagaa hupitia grosari, wakanunua chupa moja au mbili na kwenda kunywa nyumbani. Miongoni mwa bia zinazopatikana huko ni Balimi ya Kampuni ya Bia Tanzania (TBL), yenye kiwanda mjini Mwanza. Kwa Kisukuma, balimi ni wakulima.

Si ajabu kumsikia mnywaji akilalamika kuwa bia ile ile leo nzuri, kesho mbaya. Lawama hupelekwa kiwandani. Kabla ya hapo, ni vyema kuangalia duka.

Kipimo chake ni rahisi na hufanyika mezani nyumbani. Glasi ioshwe na kusuuzwa vizuri, kwani mafuta ya samaki huua povu. Bia isiwe baridi mno, maana ubaridi mkali huficha ladha. Mnywaji anuse kwanza, kisha aonje.

Bia nzima hunukia nafaka, mfano wa mkate, halafu hufuata uchungu mwepesi wa hopsi. Ikinuka boksi lililolowa, ilikaa kwenye joto siku nyingi. Ikinuka kama kicheche, ilipigwa na mwanga wa jua, ambao huharibu hopsi. Chupa ya kahawia hukinga mwanga kuliko ya kijani au nyeupe, lakini haizuii joto.

Balimi ni laga, bia inayochachushwa taratibu kwenye ubaridi. Bia za eli, zilizozoeleka Uingereza, huchachushwa kwenye joto zaidi na hunukia matunda. Laga ni nyepesi, hivyo kasoro yake hugundulika haraka.

Kwa mwenye grosari, hilo ni suala la fedha. Faida ya chupa moja ni ndogo, na mteja aliyeudhika huhamia kwa jirani bila kuaga. Kuhamishia kreti kivulini, kuzipanga juu ya mbao na kuuza kwanza zilizoingia kwanza hakuhitaji mtaji.

Mkulima naye ana lake. Kimea ni shayiri iliyooteshwa kidogo kisha ikakaushwa. Punje iliyokufa haioti, hivyo haifai. Shayiri hulimwa zaidi kaskazini, kama Karatu na Monduli. Zao linalozoeleka Usukumani ni mtama, nao una nafasi. Huko Uganda, kampuni ya Nile Breweries ya Jinja ilianza mwaka 2002 kutengeneza bia ya Eagle kwa mtama wa aina ya Epuripur uliolimwa na wakulima wa nchi hiyo.

Mtama wa kiwandani hutakiwa uwe mkavu, safi na usiochanganywa aina. Hivyo mkulima aulize kabla ya kupanda: mnunuzi ni nani, anataka mbegu ipi, na atalipa kiasi gani kwa kilo. Akishatimiza sehemu yake, jasho la msimu mzima lisije kuharibikia juani, mlangoni mwa grosari.